Hema la Watu Watatu

Jumapili, 29 Juni

Mvua tangu asubuhi. Leo baada ya ibada Papa amekubali safari, kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni mimi.

Nianze mwanzo, maana daftari hili ni jipya. Dada yangu Jémima ana miaka ishirini na saba, ni muuguzi, na anataka kuolewa na Dries, Mflamandi mrefu, mzungu wa huku, anayetengeneza lifti. Mwezi wa nne Dries alikuja hapa kwetu Saint-Josse kujitambulisha kwa wazazi. Dot, sherehe ya kutoa mahari, imepangwa Jumamosi tarehe 23 Agosti katika salle, ukumbi wa kukodi. Kwetu dot ndiyo ndoa yenyewe; ya komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, na ya kanisa huja nyuma yake. Lakini kabla ya hapo Dries anataka kutimiza ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni: kuvuka jangwa la Amerika kwa gari na kulala katika hema, bila hoteli hata moja. Jémima ameshanunua kofia.

Papa aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema binti yake halali na mwanaume jangwani kabla ya dot, na kwamba kanisa zima la Matonge, mtaa wa Wakongo, litajua kabla ndege haijatua. Dries alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja daktari wa meno. Akapendekeza mahema mawili. Papa akacheka kicheko kisicho na furaha, halafu akanitazama mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya kitabu.

"Keren ataenda nabo," akasema. "Hema moya, batu batatu. Eye atalala katikati."

Jémima alisema atakufa kwa aibu. Maman akamuuliza, yeye muuguzi, amewahi kuona wapi mgonjwa wa aibu akilazwa.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 2 Julai

Mtihani wa mwisho, kemia. Mvua.

Jumapili, 6 Julai

Papa amenipeleka sokoni Gare du Midi, sisi wawili tu, jambo ambalo halitokei. Kwa kawaida siku yake ya mapumziko analala. Wiki nzima anaendesha basi. Amenichagulia tochi, akaijaribu mara nyingi hadi mwenye meza akachoka. Kisha tukasimama chini ya daraja la reli kukwepa mvua, na hapo akasema alichotaka kusema.

Alisema yule mtu hamjui. Amemsalimia "shikamoo" mlangoni, na Lubumbashi nani anasema shikamoo? Nilimweleza kwamba Dries anasoma Kiswahili jioni kwa mwalimu wa Kitanzania, na huko ndiyo heshima. Papa akasema mtu anayejifunza kukusalimia anaweza pia kuwa anajifunza kukudanganya.

"We hausemake mingi, lakini unaonaka," akaniambia. "Ukirudia, utaniambia. Ni muntu wa kumupatia mutoto, ao hapana. Neno yako njo nitafuata."

Nilisema nina miaka kumi na sita. Akasema ndiyo maana, bado sijajifunza kusema uongo. Kila siku nimtumie ujumbe wa sauti wenye maneno mawili, "tuko watatu," ili alale vizuri.

Tumerudi na tochi, nyanya, na jambo hili kifuani. Laiti angemuuliza mtu anayependa kuongea.

Ijumaa, 11 Julai

Maman ameweka unga wa fufu, ugali wa kwetu, katika mkoba wangu. Nimeutoa. Ameurudisha.

Jumapili, 13 Julai

Hili ndilo jangwa. Nimekuwa nikisoma habari zake wiki mbili nzima na sikuwa nimeelewa kitu.

Tulitua Las Vegas jana na Dries akapita kando ya hoteli zote zile bila kugeuza shingo. Gari ni dogo, jeupe, la bei ya chini kuliko yote, na kipoza hewa kinapuliza upande wa mbele tu, kwa Jémima. Nyuma mimi naiva. Kulala hatulipi, kwa sababu kuna ardhi ya serikali ambapo mtu yeyote anaweza kupiga hema, na sasa najua sababu: hakuna maji, hakuna choo, hakuna mti. Kuna vichaka vya kijivu hadi mwisho wa macho, na upepo.

Hema ni la watu watatu wembamba. Dries analala mlangoni, amenyooka kama rula. Jémima amegeukia ukuta wa kitambaa. Mimi katikati. Hakuna aliyesema usiku mwema.

Nimetuma: "Tuko watatu."

Jumanne, 15 Julai

Shayiri iliyolowekwa katika maji baridi. Tena.

Jumatano, 16 Julai

Wamegombana kituo cha petroli. Jémima alitaka chumba cha moteli, usiku mmoja tu, ili aoge kichwa. Dries akasema tukianza kulala moteli hatutafika mbali, na kwamba walishakubaliana. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio unaochosha; ni kama kugombana na kabati. Jémima akaingia garini na kufunga mlango kwa nguvu. Dries akasimama pale akijaza dumu la maji polepole, kana kwamba jambo la maana duniani ni dumu lijae hadi kwenye kizibo.

Kama Papa angeniuliza leo, ningesema hapana. Mtu huyu ni mkavu. Dada yangu anacheka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na siku nne hizi sijamsikia.

Ijumaa, 18 Julai

Shayiri. Kunguru ameiba kijiko.

Jumamosi, 19 Julai

Mji mdogo wa Utah, barabara moja, mahali pa kufulia nguo kwa mashine. Vitabu vyangu vyote viwili nimevimaliza na sikumwambia mtu. Wakati nguo zinazunguka, Dries alitoka, akarudi na kitabu kinene kuhusu miamba, jalada limechanika. Kilikuwa kwenye sanduku la vitu vya bure nje ya maktaba. Alisema ameniona nikisoma maandishi ya pakiti ya shayiri.

Nilisema asante, kwa sauti ndogo mno, nadhani hakusikia.

Jumatatu, 21 Julai

Leo limetokea jambo ambalo bado linanichoma masikio.

Tulikuwa tunakunja hema. Jémima ananisemesha Kiswahili chetu Dries akiwapo, kwa haraka, ili asifuate. Ametania jinsi Dries anavyolala: ati tunalala na ubao, ati atamwambia Papa alitoze duka la mbao hiyo dot. Nilicheka. Nakiri, nilicheka sana.

Dries alikuwa amepiga magoti aking'oa vigingi. Bila kuinua kichwa akasema, kwa Kiswahili chake safi cha mwalimu wa Kitanzania, neno moja baada ya jingine:

"Mimi si ubao, Jémima. Ninaogopa kugeuka usingizini na kumgusa mdogo wako. Kwa hiyo silali."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake, mekundu, yamezungukwa na weusi. Zaidi ya wiki mtu huyu amekuwa akiendesha gari mchana bila kulala usiku, kwa sababu baba yangu aliniweka katikati na yeye akalichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi.

Leo ameendesha Jémima. Dries amelala kiti cha mbele, mdomo wazi.

Jumatano, 23 Julai

Mawingu, kwa mara ya kwanza. Marefu, meusi chini, yamesimama mbali kama majengo. Jémima amefurahi: kivuli. Nimetuma "tuko watatu" kutoka juu ya kilima, mahali pekee penye mtandao.

Alhamisi, 24 Julai

Ninaandika nikiwa kiti cha nyuma. Milango yote iko wazi. Sijui nianze wapi.

Asubuhi Dries alionyesha kwenye ramani barabara ya vumbi inayokata bonde na kuokoa nusu siku. Jémima aliuliza kama gari hili litaweza. Dries akasema barabara ni kavu, ngumu kama meza. Na ilikuwa kavu, kweli. Tulivuka korongo moja lisilo na tone la maji, mchanga mtupu, tukaendelea. Mvua haikutunyeshea hata kidogo. Tuliiona tu, pazia la kijivu juu ya milima mbali kulia kwetu. Jémima akapiga picha.

Halafu tukafika korongo la pili na Dries akafunga breki. Lilikuwa limejaa. Si maji hasa, ni kitu chenye rangi ya kahawa ya maziwa, kizito, kinabeba vichaka na mawe, na kelele yake niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Dries aligeuza gari haraka turudi tulikotoka. Ndipo mvua ikatufikia na sisi. Robo saa, si zaidi. Udongo wa barabara ukageuka sabuni. Gari lilianza kwenda upande, polepole sana, Dries akizungusha usukani na gari halimsikilizi, likateleza hadi mtaroni na kulala nusu upande.

Hakuna aliyeumia. Tulishuka na udongo ukashika viatu hadi mguu ukatoka bila kiatu. Tulisukuma. Tuliweka mawe, mikeka, na mfuko wa fufu. Unga wa Maman umepotelea chini ya gurudumu. Gari lilizama zaidi.

Dries alienda kutazama korongo la kwanza, akarudi akiwa na matope hadi kiunoni. Nalo limejaa, maji yanashuka kwa nguvu.

Kwa hiyo tuko kati ya makorongo mawili. Simu hazina mtandao. Maji tuliyo nayo ni nusu ya dumu, kwa sababu tulipanga kujaza mjini leo mchana. Jémima amechukua dumu na kuliweka miguuni pake. Amesema kuanzia sasa anagawa yeye, kwa kifuniko cha chupa, na asiyetaka kunywa atanyweshwa. Ni sauti yake ya kazini. Sikuwahi kuisikia nyumbani.

Jua limerudi. Bonde lote linatoa mvuke.

Nimemrekodia Papa "tuko watatu." Ujumbe haukwenda.

Ijumaa, 25 Julai

Joto. Tumefunga hema upande wa gari kama pazia na tunakaa chini yake. Kichwa kinaniuma. Naandika ili nisiangalie dumu.

Makorongo yamepungua lakini matope yake ni ya kumeza mtu. Dries alitupa jiwe na likazama taratibu. Tumechota maji machafu kwa sufuria, tukayaacha yatulie, tukayachuja kwa fulana ya Dries, tukayachemsha. Yana ladha ya chuma. Gesi ya jiko imekwisha tukichemsha sufuria ya pili.

Asubuhi Dries alifunga kamba za viatu na kusema anakwenda. Barabara ya lami iko upande wa kusini, alisema, ataifikia kabla ya jioni akipita juu ya mwamba ambako hakuna matope, na ataleta msaada. Alikuwa amefikiria kila kitu. Angechukua maji kidogo sana, atuachie sisi mengine.

Jémima akasema hapana. Akaeleza kama muuguzi: joto hili, mtu anayetembea, saa chache tu na kichwa kinaacha kufanya kazi, na wewe hujalala wiki mbili. Gari linaonekana, mtu haonekani. Dries akasema hakuna anayejua tuko hapa. Akasema ni yeye aliyetuleta kwenye barabara hii, kwa hiyo ni yeye atakayetutoa. Akasema natangulia tu, Jémima. Natangulia na nitarudi kuwachukua.

Sijui kama alijua alichokuwa anasema. Dada yangu alisimama, akamshika ukosi wa shati kwa mikono miwili.

"Papa alisema vilevile," akasema, kwa Kiswahili, polepole, ili Dries asikose hata neno. "Natangulia, nitarudi kubakamata. Nilikuwa na mwaka moya. Nilimuona tena nikiwa na miaka kumi, pale aéroport, na nikamwita monsieur, kama mgeni."

Mimi nilijua kwamba Papa alikuja Ulaya kwanza. Kwetu hilo linasemwa kwa fahari, kama vita alivyoshinda. Sikuwahi kulisikia kutoka upande wa mtoto aliyebaki. Jémima akaendelea, sasa akinitazama mimi. Akasema Papa na Maman walipofunga ndoa walichagua majina matatu ya mabinti. Jémima wa kwanza, Keren wa mwisho. Wa katikati angeitwa Kezia. Kila mwaka kule Lubumbashi Maman alikuwa akisema, Papa wako akituchukua, tutapata Kezia. Walipokutana tena, Maman alisema miaka ya Kezia imepita, na mimi nilipozaliwa nikapewa jina la mwisho.

"Miye sitaki mwanaume wa kutangulia," Jémima akamwambia Dries. "Ukienda, fika. Lakini usirudi kwangu."

Dries akaketi kwenye kivuli, akafungua kamba za viatu, na akaanza kulia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua namna, mabega yakiruka. Jémima alikaa karibu naye na kumpa kifuniko chake cha maji. Mimi nilifungua kitabu cha miamba na kusoma ukurasa mmoja mara nyingi.

Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado nilifikiri: nimepewa kazi ya kumtazama mtu huyu, na sasa ndiyo namwona.

Jioni. Hakuna aliyepita. Midomo ya Dries imepasuka. Amepanga mawe makubwa barabarani kwa umbo la mshale unaoelekea kwetu.

Jumamosi, 26 Julai

Tumetoka.

Asubuhi tulisikia injini kabla ya kuona kitu. Ilikuwa ile mashine ya kusawazisha barabara, ya njano, yenye kisu kirefu chini ya tumbo, inakuja polepole kutoka kaskazini ikikwangua matope yaliyoanza kukauka. Dereva alishuka, mzee mwenye mkanda wa mgongo. Alitazama hema, gari, mawe. Aliuliza swali moja tu kabla hajatupa maji: "Nyote mko hapa? Hakuna aliyetembea?"

Jémima akajibu kwamba tuko watatu. Yule mzee akavua kofia na kuivaa tena.

Gari ametuvuta kwa mnyororo. Mjini tumekunywa hadi tumbo limeuma, na Dries amelipa chumba cha moteli bila kuulizwa. Hapo simu yangu ikafufuka.

Nilidhani Papa atakuwa amewapigia simu polisi, ubalozi, kila mtu. Kulikuwa na jumbe zake tatu za sauti. Wa Alhamisi: leo haujasema kitu, Keren. Wa Ijumaa: jina langu tu, na kimya, na kelele ya basi. Wa tatu ni wa leo, na tumeusikiliza wote, tumekaa kitandani:

"Bon. Nimeisha kuelewa. Kule Las Vegas banaolesha batu kama vile banauzisha mukate. Munaenda kuoana kule, na mutoto munamufunga kinywa. Nimeisharudisha salle. Nimeambia Tonton yenu, Josias, nimeambia kanisa. Musinipigie."

Tulimpigia. Hakushika. Maman alishika, akalia kabla hatujasema lolote. Alituambia kwamba tangu jana anamsihi Papa awapigie polisi simu, na Papa anamwambia polisi hawatafuti bibi arusi aliyetoroka.

Siku mbili tulikuwa tunagawana maji kwa kifuniko, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anatutafuta, kwa sababu baba yangu alikuwa ameona aibu.

Jumatatu, 28 Julai

Jangwa zuri sana leo, jekundu, na hakuna anayelitazama. Dries anauliza afanye nini. Jémima anakunja ramani.

Jumapili, 3 Agosti

Tumerudi. Mvua. Papa alikuwa kazini. Alipoingia alisema bonsoir kwa ukuta.

Jumanne, 5 Agosti

Maman amemweleza Papa kila kitu, mara mbili. Anasema makorongo mawili ni hadithi iliyopangwa vizuri. Nadhani moyoni anatuamini. Lakini ameshaliambia kanisa zima, na kukiri sasa ni kazi kubwa kuliko ninavyofikiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Papa hasemi.

Ijumaa, 8 Agosti

Papa hasemi. Jémima ameanza kupanga nguo zake katika masanduku. Anasema wataandikishana komuni na Dries, bila dot, bila mtu. Anasema kwa sauti kavu, lakini nimemkuta ameketi juu ya sanduku ameshika kitenge alichoshonewa kwa ajili ya dot.

Jumapili, 10 Agosti

Leo Tonton Josias alikuja. Ni mdogo wa Papa, ana duka la simu Matonge, na kwa kawaida huingia akiwa ameshaanza kucheka. Yeye ndiye atakayesimama mbele siku ya dot, kama ipo. Alikuja baada ya ibada, akakataa kula, akaomba wote tukae: Papa, Maman, Jémima, mimi.

Papa aliongea kwanza. Alisema alinyimwa heshima, na kilichomuuma si Jémima, ni mimi, alinituma mimi. Hakunitazama. Jémima akataka kujibu, na Tonton akainua mkono.

"Mutoto aseme," Tonton akasema. "Si njo eye ulituma kuangaria?"

Nilikuwa nimeandika sentensi kichwani usiku mzima, zenye "kwanza" na "pili." Zote zilikimbia. Nilisimama, sijui kwa nini, kama darasani.

"Alilia, Papa," nikasema.

Papa akageuza kiganja kuelekea kwa Tonton, kama kusema: unaona.

"Alilia, lakini hakuenda. Alikuwa amefunga viatu. Jémima alimwambia usitangulie, na akafungua viatu, akabaki na siye. Uliniuliza ni muntu wa namna gani. Ni ule."

Nikaona nisipomalizia sasa sitamalizia kamwe.

"Maman alitaka kututafuta. Weye ulikuwa na kasirani, Papa. Na siye tulikuwa na kiu."

Nikakaa. Maman alikuwa anatazama mikono yake. Nikamtazama Papa, na nikaona kwamba amezeeka kidogo upande wa macho, au alikuwa hivyo siku zote na mimi sikutazama.

Tonton Josias akasema kwa Waluba wenzetu wote anaowajua, mtu akimkosea mkwe analipa faini.

"Donc, Banza, utalipa," akamwambia Papa.

"Miye? Baba mukwe kulipa mukwe? Wapi uliona?"

"Sijaona. Nitaona."

Papa aliondoka mezani. Lakini hakufunga mlango wa chumba.

Jumatano, 13 Agosti

Jua. Papa ameniuliza, akiwa amenipa mgongo, yule dereva wa mashine alisemaje. Nilimwambia: aliuliza kama sote tuko pale. Akaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo mchana Papa alivaa koti la ibada na kununua kasha la sucrés, soda za chupa za kioo, za ladha ya machungwa na ndizi, kwa sababu yeye hanywi pombe na hawezi kumpelekea mtu asichokunywa. Akaniambia nije. Alilibeba mwenyewe begani ndani ya tramu hadi Schaerbeek, anakoishi Dries, na watu walikuwa wanampisha.

Jémima alikuwa pale juu, nilimwona dirishani. Dries alishuka haraka, akasema "shikamoo" kwa mazoea, na mara akaonekana kujuta. Papa akaniangalia. Nilimnong'oneza jibu. "Marahaba," akasema, kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.

Dries alimkaribisha ndani. Papa akasema haiwezekani, kabla ya dot hali wala hanywi nyumbani kwa mkwe. Nilisikia neno hilo, mkwe, nikaona kwamba Dries pia amelisikia. Kwa hiyo walikaa nje, kwenye ngazi ya mlango, kasha katikati yao, watu wawili warefu waliokunja magoti. Papa alifungua chupa moja na kumpa kwa mikono miwili. Alisema hii ni amende, ile faini. Alisema kwa Kifaransa kwamba alikosea, na kwamba salle haipo tena, kwa hiyo dot itafanyika kwetu, wageni watabanana, na Josias ameshaanza kuazima viti. Aliyasema yote hayo akitazama barabara.

Dries alisema asante. Wakanywa. Mimi nilisimama karibu na baiskeli za watu nikijifanya sipo, kazi ninayoiweza.

Kisha Papa akauliza, na hakikuwa Kifaransa tena:

"Ulikuwa na njia ya kwenda. Ulikuwa na nguvu. Juu ya nini haukuenda?"

Dries akafikiri. Anafikiri muda mrefu kabla ya kusema, na leo sikuona kuwa ni ukavu.

"Jémima aliniambia nisiende," akajibu.

"Paka vile?"

"Ndiyo. Hivyo tu."

Papa alizungusha chupa kati ya viganja vyake. Juu, dirisha lilikuwa wazi na dada yangu alikuwa ameegemea pale bila kujificha.

"Mama yake naye," Papa akasema, "aliniambia nisiende."